Mtani Afukuzwa Makaburini, Halafu Tuambiwe Tuenzi Utamaduni

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu, Mngoni wa Songea aliyeishi Dar es Salaam zaidi ya nusu ya umri wake. Jeneza lilipofikishwa kaburini, mzee mmoja Mhehe, jirani na mtani wake wa miaka mingi, alirukia shimoni akiwa amevaa koti la marehemu, akajilaza chali na kutangaza kwamba Mngoni huyu hazikwi mpaka lilipwe deni la ng'ombe walioibwa na babu zetu. Shangazi zangu waliokuwa wakilia walianza kucheka huku machozi yakiendelea kuwatiririka. Kabla hatujachangishana noti za kumtoa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, binamu yangu msomi, alimwamuru atoke mara moja kwa sababu, kwa maneno yake, "hii ni shughuli ya watu wastaarabu".

Wiki mbili baadaye binamu huyohuyo alikuwa mgeni rasmi katika hafla ya kuenzi utamaduni, ambapo aliwapigia makofi vijana waliovalishwa sketi za katani na kutuhimiza tusiache mila zetu. Ustaarabu ulikuwa umempa likizo siku hiyo, nadhani.

Tangu mwaka 1871 mwanaanthropolojia Edward Tylor alieleza kuwa utamaduni ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Ngoma imo humo, sikatai, lakini sisi tumeing'ang'ania ngoma peke yake kwa sababu inapigika picha vizuri na haimdai mtu chochote ikiisha. Na wanaotafuta "asili" isiyochanganyika watueleze kwanza kuhusu ugali wa mahindi, zao lililotufikia kutoka Amerika.

Utani, kinyume chake, unadai. Wangoni walitoka kusini mwa bara hili, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaja kukaa Songea, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 wakapigana na Wahehe kwa miaka kadhaa bila upande wowote kuumaliza mwingine. Wajukuu wa waliochinjana hivyo leo wanaitana mateka, kila mmoja akiapa kwamba babu wa mwenzake ndiye aliyekimbia, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, kwa kuwa katika utani anayenuna ndiye mwenye kosa. Hakuna wizara iliyoandika kaida hiyo wala polisi wanaoilinda. Inalindwa na aibu ya kuonekana hujui kuishi na watu. Wanyamwezi na Wazaramo nao wanataniana, na wengi huurudisha utani wao kwenye enzi za misafara ya pwani, ambapo mpagazi aliyefia mbali na ndugu zake alihitaji mgeni wa kumfukia.

Ndiyo maana mtani ana kazi msibani ambayo mfiwa hawezi kuifanya. Yeye huchimba, huamrisha, huwakemea wanaozembea, na husema hadharani kwamba marehemu alikuwa bahili, jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia mwingine, Radcliffe-Brown, aliandika kwamba mahusiano ya namna hii huunganisha urafiki na uhasama ili watu wenye sababu ya kugombana waweze kuendelea kuishi pamoja. Bibi yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alisema tu kuwa msiba usio na mtani ni mzito mno kubebeka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo watani wanaolewa na kumdhalilisha mjane, na wapo wanaogeuza kaburi kuwa genge la kukusanyia hela. Hao wakemewe. Vilevile zipo mila, kama ukeketaji, ambazo simwombei mtu yeyote azihifadhi. Lakini kumfukuza mzee aliyekuja kutupunguzia uzito si kurekebisha mila; ni kuionea haya.

Yule Mhehe alitoka kaburini kimya, akavua koti, akalikunja vizuri na kumkabidhi mjane, kisha akasimama nyuma ya umati mpaka tulipomaliza kufukia. Nimekwisha kuwaagiza wanangu kwamba siku yangu ikifika aitwe yeye, akiwa bado hai, na alale humo kadiri apendavyo, ila wapatane naye bei kwanza, maana ng'ombe anaowadai hawakuwa wengi kiasi hicho.