Mama mkwe na wahanga wa matope

Kosa lilikuwa langu: nilivaa hedifoni. Mama mkwe alikuja kwetu Tabata kutoka Korogwe kutibiwa macho, na kwa heshima yake nikaona gitaa la umeme saa tatu usiku si jambo la kumpigia mkwe. Basi nikachomeka hedifoni kwenye runinga, nikaweka picha za Woodstock, lile tamasha la muziki la Agosti 1969 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, huko Bethel, jimbo la New York. Mimi ugonjwa wangu ndio huo. Santana, yule mpiga gitaa, akianza, hata nyumba ikishika moto nitaomba amalize kwanza.

Mama akatoka chumbani, akaketi kwenye kochi. Sauti hasikii hata chembe. Anachoona, tena kwa rangi safi kabisa, ni ile mvua ya Jumapili: upepo unapeperusha maturubai, umati umeloa chepechepe, vijana wanaserereka kwenye matope kama kambale.

"Baba, hawa ni watu wangapi?"

"Zaidi ya laki nne, mama."

"Wanalala wapi?"

"Hapohapo."

"Na chakula?"

"Kimewaishia. Helikopta ndiyo inaleta."

Yote kweli tupu! Nilijibu nimeinua upande mmoja wa hedifoni, akili iko kwa mpiga ngoma wa Santana, kijana wa miaka 20, anazichapa kama zina deni lake.

Zikaja picha za watu wanaoga bwawani kama walivyozaliwa. Kwa aibu nikapapasa rimoti; ikadumbukia nyuma ya kochi. Mama wala hakukasirika. Alishika kifua. "Maskini wa Mungu, hata nguo hawana!"

Mwisho akapanda jukwaani mpiga gitaa Jimi Hendrix, Jumatatu asubuhi, kitambaa chekundu kichwani. Uwanja umejaa takataka, watu wamepungua mno.

"Wale wengine wako wapi?"

"Wengi wameshatangulia, mama."

"Na huyu anapiga nini?"

"Wimbo wa taifa."

Mama akasimama wima, mikono ubavuni. Nikadhani anakwenda kulala.

Jumamosi natoka kunyoa, nakuta viatu vimejaa mlangoni kwangu kama pana msiba. Ndani, jumuiya nzima. Katikati ya sebule, furushi la kanga na vitenge, mablanketi matatu, kandambili jozi mbili, na bahasha yenye shilingi 43,500. Mama alikuwa amewaeleza vizuri mpaka wengine wakalia. Mwenyekiti akanikaribisha kwenye nyumba yangu mwenyewe, akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye habari kamili, kama mzigo upite bandarini au kwa ndege. Kitenge cha juu kabisa kilikuwa cha mke wangu. Hajakishona bado.

Nikaeleza. Nilipofika kwenye "mwaka 1969", mwenyekiti akavua miwani.

"Kwa hiyo hao waliokuwa uchi..."

"Leo ni wa kuamkiwa shikamoo, mwenyekiti."

"Na waliotangulia?" mama akauliza, sauti imekauka.

"Walitangulia makwao, mama. Jumatatu ni siku ya kazi."

Kimya. Kisha mzee mmoja pale kwenye kona akaanza kutikisika mabega, na kicheko kikasambaa mkeka mzima, isipokuwa kwa mama. Soda za watu 14 nililipa mimi. Kurudisha nguo ndiyo ilikuwa kazi: nilizunguka mtaa na furushi begani, wawili wanagombania kanga moja, na kila mlango unanipa pole ya msiba wa Marekani.

Siku mbili mama hakunisemesha. Ya tatu, saa tatu usiku, akatoka chumbani, akaketi palepale.

"Hebu waweke wale wenzako. Na hayo madude yatoe masikioni."