Mwacheni mtoto achafuke mikono

Agosti hii binti yangu wa miaka saba alihudhuria kambi ya likizo hapa Kisumu kwa wiki nzima. Ijumaa akaniletea kipepeo cha karatasi. Kilikuwa kizuri kweli, mabawa yamenyooka, gundi haijamwagika popote. Tukingoja matatu, nikaona wenzake wamebeba vipepeo vilevile, rangi zilezile. Nikamwuliza, "Mama, wewe ulifanya wapi hapa?" Akajibu, "Nilibandika macho."

Jibu hilo linaniuma mpaka leo. Siwalaumu vijana waliowasimamia, maana mzazi akija kumchukua mtoto anataka kuona kitu cha kupendeza. Lawama ni yetu. Ni sisi tunaokesha tukikata manila ili kumaliza kazi za CBC, yaani mtaala wa umilisi, mtoto amelala, eti asiaibike mbele ya wenzake. Tangu mtaala huo uanze kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, wazazi tumelia sana na gharama ya vifaa, na tuna haki. Lakini kinachoniogopesha zaidi ni mtoto kuzoea kwamba kazi ya mikono yake haifai kuonekana mpaka mtu mzima airekebishe.

Wiki iliyofuata nikampeleka yeye na kaka yake kwa nyanya yao, Kajulu. Nyanya hana gundi wala manila. Aliwapa jembe, akawaonyesha kichuguu nyuma ya zizi. Udongo wa kichuguu ni laini na unashikana vizuri. Ule mweusi wa nyanda za Kano hufura ukinywa maji, kisha ukikauka unapasuka vibaya, kwa hiyo usihangaike nao. Wakaponda, wakatoa mizizi na vijiwe, wakatia maji kidogo kidogo na kukanda kama unga wa chapati mpaka ukaacha kunata viganjani.

Binti akafinyanga ng'ombe. Miguu minne, nundu, mkia uliolala ubavuni. Pembe zikaanguka. Akazibandika kwa mate, zikaanguka tena. Midomo ikaanza kumtetemeka. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, nyanya akanitazama, nikaurudisha. Akamwambia mjukuu neno moja tu: "Laini kwa laini haishikani." Mtoto akakaa akifikiri. Kisha akachukua kijiti, akakwaruza kichwa cha ng'ombe na mizizi ya pembe, akakoroga udongo na maji ukawa kama uji, akapaka, akabana. Zikashika. Mfinyanzi naye huunga mpini wa kikombe vivyo hivyo.

Ng'ombe alikaa kivulini siku tatu, amefunikwa jani la mgomba. Juani udongo wa nje hukauka haraka kuliko wa ndani, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Kaka yake alitengeneza gari la waya, magurudumu ya slipa zilizochakaa na bodi ya kopo la mafuta. Siku ya pili likakata kona.

Hapa kwetu vifaa vimejaa. Mafunjo ya Dunga, kando ya Ziwa Victoria, yanasukwa mikeka kila siku. Gugu maji linalotuziba ziwa kwa zaidi ya miaka 30 husukwa vikapu, ila anika mengi, kwa sababu karibu lote ni maji na shina nene hunywea likabaki kama utepe. Tafadhali nunua yaliyokwisha kukauka kwa wasusi. Usimtume mtoto kuyavuna, kichocho kipo majini na huingia kupitia ngozi.

Kwa hiyo wenye kambi, nawaomba jambo moja kabla ya likizo ya Desemba. Hizo karatasi zilizokatwa tayari ziwekeni kando. Mleteni mama mfinyanzi au msusi wa mikeka, mlipeni vizuri kama mnavyomlipa mwalimu yeyote, kisha muwape watoto wiki nzima kwa kitu kimoja badala ya vitu vitano vya saa moja moja. Nasi wazazi tukija Ijumaa tukapewa kitu kilichopinda, tukipokee kwa mikono miwili.

Ng'ombe yuko juu ya kabati la vyombo. Pembe ya kushoto imeizidi ya kulia, na mgeni akiingia, binti yangu huanza kumsimulia habari za pembe.