Ndege si nukta

Kwenye skrini ya mwongoza ndege, kila ndege ni alama ndogo iliyokaa mahali pamoja. Alama hiyo huwa imeshapitwa na wakati. Rada inayozunguka huiona ndege mara moja tu kila sekunde 4 hadi 12, na katika sekunde 12 ndege inayokwenda kilomita 890 kwa saa imesogea karibu kilomita 3. Ongeza kosa la kipimo, upepo, na kona ambayo rubani ameianza lakini rada haijaiona. Je, kompyuta inayotabiri mgongano iichukue ndege kama nukta, au kama wingu la mahali inapoweza kuwa?

Wanaotetea nukta wana hoja nzito. Kanuni iliyozoeleka katika safari za juu ni kuachanisha ndege kwa maili 5 za baharini, au futi 1,000 kwenda juu. Ndani ya nafasi hiyo makosa ya vipimo yameshatengewa sehemu yao. Kanuni ama imefuatwa ama imevunjwa, na mtu mwenye ndege kumi na tano mbele yake hana muda wa kujiuliza asilimia 30 ya hatari ina maana gani.

Lakini wingu halikui sawa pande zote. Russell Paielli na Heinz Erzberger wa NASA, waliochapisha mwaka 1997 njia ya kukokotoa uwezekano wa ndege kukaribiana mno, walilijengea hesabu jambo hilo. Kwa upande wa kushoto na kulia kosa hubaki dogo, kwa sababu mitambo ya ndege huirudisha kwenye mstari wake. Kwa mbele na nyuma, kosa la upepo hulimbikizana. Ukikosea upepo kwa kilomita 30 kwa saa, baada ya dakika 10 umekosea mahali pa ndege kwa kilomita 5. Umbali mmoja usiobadilika, ukitumiwa kutabiri mbali hivyo, utaacha hatari fulani zipite na utapiga kengele pasipo na hatari. Kengele za bure zina madhara yake: watu huacha kuzisikiliza.

Mashaka yaliyofichwa huua. Tarehe 29 Septemba 2006, juu ya msitu wa Amazon nchini Brazili, Boeing 737 ya shirika la ndege la Gol na ndege ndogo ya Embraer Legacy ziligongana katika futi 37,000, na watu 154 wakafa. Transponda ya Legacy, kifaa kinachoitangazia rada kimo cha ndege, ilikuwa haitoi ishara, lakini waongozaji waliendelea kuamini kwamba iko futi 36,000, kama mpango wa safari ulivyosema. Kama skrini ingewaonyesha kwa uwazi kwamba kimo hicho hakina uhakika, wangepata sababu ya kuuliza mapema.

Hata hivyo siungi mkono asilimia kumfikia rubani katika nusu dakika ya mwisho. Huko Überlingen, Ujerumani, tarehe 1 Julai 2002, mwongozaji aliwaambia marubani wa ndege ya abiria ya Tupolev washuke, kisha TCAS, mfumo wa ndani ya ndege wa kuzuia mgongano, ukawaambia wapande. Walishuka, na ndege ya mizigo ya DHL nayo ilikuwa inashuka kwa amri ya TCAS yake. Walikufa watu 71. Dakika ile inahitaji amri moja. Mfumo mpya wa aina hiyo, ACAS X, umepata njia ninayoiona sahihi: mashaka hukokotolewa mapema na kuwekwa kwenye majedwali, lakini rubani husikia tu apande au ashuke.

Kinachonitia hofu zaidi sasa ni kughushiwa kwa mawimbi ya GPS. Katika mfumo wa ADS-B, ndege hujitangazia mahali ilipo pamoja na namba inayosema mahali hapo pana uhakika kiasi gani. Mawimbi yakivurugwa tu, namba hiyo hushuka, na hesabu ya wingu hujirekebisha. Yakighushiwa, kipokezi kinaweza kutangaza uhakika mkubwa kumbe kimedanganywa, na tukapata wingu dogo safi lililochorwa mahali pasipo na ndege. Hesabu ya uwezekano haiwezi kutegemewa kulitambua hilo kwa data hiyo peke yake. Lazima kuwe na chombo kingine kinachopima bila kuitegemea GPS. Ndiyo maana mipango ya kuzima rada za ardhini ili kuokoa gharama inapaswa kusubiri.