Mwandishi Aachiwe Lakabu Yake

Kila mwandishi wa lakabu, yaani anayeandika kwa jina la kubuni, anapopata umaarufu, wasomaji huanza kuulizana: ni nani hasa huyu? Swali lenyewe silioni baya. Ninalolipinga ni dhana inayolifuata, kwamba aliyeficha jina lake ana jambo la aibu, au ni mwoga, au anatuhadaa sisi tuliotoa fedha zetu kununua kitabu. Naamini kinyume kabisa. Katika visa vingi ninavyovifahamu, lakabu ndiyo iliyowezesha kitabu kuandikwa, na bila hiyo tusingekuwa na cha kusoma wala cha kubishania.

Tuanze na Charlotte, Emily na Anne Brontë, dada watatu waandishi wa Uingereza. Mwishoni mwa 1836 Charlotte, akiwa na umri wa miaka ishirini, alimpelekea mashairi yake Robert Southey, aliyekuwa mshairi mkuu wa taifa la Uingereza. Jibu lilifika Machi 1837: fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke, na wala haipaswi kuwa. Msichana aliyeambiwa hivyo na mshairi mkuu wa nchi yake angeweza kuweka kalamu chini. Yeye hakuiweka. Mwaka 1846 yeye na wadogo zake walitoa diwani kwa gharama zao wenyewe, wakajiita Currer, Ellis na Acton Bell. Herufi za kwanza za majina yao walizibakiza, lakini msomaji asingeweza kujua kama anasoma mwanamume au mwanamke. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili tu. Mwaka 1847 wakarudi na riwaya, na Jane Eyre ya Currer Bell ikavuma mno.

Hapo ndipo wahakiki walipojianika. Charlotte analalamika katika barua moja ya 1849 kuhusu mhakiki aliyesema kitabu kile kinastahili sifa ikiwa kimeandikwa na mwanamume, na ni cha kuchukiza ikiwa ni cha mwanamke. Kitabu ni kile kile, sentensi ni zile zile. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi unaohitajika zaidi ya huo kuhusu kwa nini alijiita Currer.

Kuna sehemu ya kisa hiki ninayoitafakari sana. Julai 1848 mchapishaji wa Emily na Anne alikuwa akieneza kwamba akina Bell wote ni mtu mmoja. Charlotte na Anne wakaona hapana, lazima waende London kuthibitisha. Walisafiri usiku kwa treni, na asubuhi wakatokea ofisini kwa George Smith, mchapishaji wa Charlotte, ambaye hakuwahi kuwaona. Charlotte akamkabidhi barua ambayo Smith mwenyewe alikuwa amemwandikia Bwana Currer Bell. Smith akaona imekwisha kufunguliwa, akauliza kwa ukali kidogo imetoka wapi. Posta, Charlotte akamjibu, imeandikwa kwangu.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa furaha na kuishia hapo. Lakini Emily alikuwa amebaki nyumbani, na katika mazungumzo ya London Charlotte alikuwa ametaja kwamba wao ni dada watatu. Emily aliposikia alichukia. Charlotte alilazimika kumwandikia mhariri wa kampuni ile akikiri kwamba amekosa sana kumfichua, na kwamba Ellis Bell hataki kutajwa kwa jina jingine lolote. Emily alifariki Desemba mwaka huo huo. Charlotte aliyaeleza majina halisi hadharani mwaka 1850, wadogo zake wote wawili wakiwa kaburini.

Mimi nasimama na Emily. Charlotte alikuwa dada yake wa damu, alimpenda, na alikuwa na sababu nzuri ya kusafiri. Hata hivyo, jina lile halikuwa lake kulitoa. Ikiwa dada mtu hakuwa na haki hiyo, sioni msomaji wa mbali, mimi nikiwemo, anaipata wapi.

Wapo waliojificha kwa sababu ya serikali, na hao sidhani kama kuna anayewalaumu. Dhanpat Rai wa India alikuwa akiandika kwa jina la Nawab Rai mpaka watawala wa Kiingereza walipoipiga marufuku na kuichoma diwani yake ya hadithi, Soz-e-Watan, iliyotoka mwaka 1908. Akabadili jina, akawa Premchand, na kwa jina hilo ndiyo akawa nguzo ya fasihi ya Kihindi na Kiurdu. Mohammed Moulessehoul alikuwa ofisa katika jeshi la Algeria. Ili kukwepa udhibiti wa wakubwa zake jeshini, alichukua majina ya mke wake na kujiita Yasmina Khadra, hadi alipojitambulisha mwenyewe mwaka 2001, akiwa amekwisha kuliacha jeshi.

Jambo linaloniuma zaidi ni la waandishi wanaokimbia majina yao wenyewe yaliyokwisha kuwa makubwa. Watu huwadhihaki: una jina, una fedha, unajificha nini? Tazama yaliyompata Romain Gary nchini Ufaransa. Alishinda Tuzo ya Goncourt mwaka 1956, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa ambayo kwa kanuni zake mtu huipata mara moja tu. Kufikia miaka ya 1970 wahakiki walikuwa wamemchoka, na alihisi kwamba hukumu yao inaanzia kwenye jina lililo juu ya jalada. Akaanza kuandika kama Émile Ajar. Riwaya ya pili ya Ajar, La Vie devant soi, ikashinda Goncourt mwaka 1975, huku kijana wa ukoo wake, Paul Pavlowitch, akijitokeza mbele ya wanahabari kama ndiye Ajar. Gary alijiua Desemba 1980, na maelezo yake ya ukweli yote yakachapishwa mwaka 1981. Wapo waliosema aliwafanyia watu ujanja wa tuzo. Ninachokiona mimi ni mzee wa zaidi ya miaka sitini aliyekuwa bado ana nguvu ya kuandika kitu kipya, akalazimika kuzaliwa upya ili asomwe.

Doris Lessing, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alifanya jaribio la namna hiyo mwaka 1983 kwa jina la Jane Somers, na miongoni mwa walioukataa muswada ni mchapishaji wake mwenyewe wa miaka mingi. Alisema alitaka kuonyesha wanayoyapitia waandishi wapya wasiojulikana. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Nobel. Kila ninapofikiria barua ya kukataliwa ya Jane Somers, nawawaza wale ambao nyuma ya jina lao dogo hapakuwa na Lessing wa kujitokeza baadaye.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika. Mwandishi wa Italia anayejiita Elena Ferrante, kabla riwaya yake ya kwanza haijatoka mwaka 1992, alimweleza mchapishaji kwamba kitabu kikishaandikwa hakimhitaji tena mwandishi wake. Hakujitokeza kwenye uzinduzi, hakupiga picha, hakudai chochote ila asomwe. Oktoba 2016 mwanahabari mmoja alichimbua kumbukumbu za malipo na za umiliki wa nyumba, kisha akachapisha jina la mtu aliyeamini kuwa ndiye. Sitalirudia hapa. Mbinu hizo huwa tunazisifu zinapomfichua kiongozi anayekwapua mali ya umma. Kumfanyia hivyo mtu ambaye kosa lake ni kuandika riwaya, tena baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuomba aachwe, ni uonevu.

Je, hakuna mpaka? Upo, na Asa Earl Carter aliuvuka. Huyu alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la Wamarekani weupe wabaguzi, na mwandishi wa hotuba za George Wallace, gavana wa jimbo la Alabama aliyetetea ubaguzi. Mwaka 1976, kwa jina la Forrest Carter, alitoa The Education of Little Tree kama kumbukumbu za kweli za utoto wa yatima wa kabila la Cherokee, wenyeji wa asili wa Marekani. Jina la kalamu lilikuwa sehemu ndogo tu ya uongo wake. Alijitwalia maisha ya watu wengine na kuyauza kama ushahidi wake, ilhali kwa kalamu ile ile alikuwa amewatumikia waliowakandamiza watu wasio weupe. Kitabu kilipanda hadi juu kwenye orodha ya vitabu vya kweli vinavyouzwa sana Marekani mwaka 1991, na uongo wake ulipofichuliwa tena mwaka huo, kikahamishiwa kwenye orodha ya hadithi za kubuni. Anayesema “sitaki mnijue” hajaniongopea chochote. Anayesema “haya yalinipata mimi” hali hayakumpata ameniongopea, hata akitumia jina la kuzaliwa.

Kwa mwandishi anayewaza kuchukua lakabu, sheria haiko kinyume nawe. Mkataba wa Berne kuhusu hakimiliki unalinda kazi zilizotolewa kwa lakabu, na pale mwandishi asipojulikana, mchapishaji ambaye jina lake liko kwenye kitabu ndiye anayehesabiwa kumwakilisha na kutetea haki zake, hadi mwandishi mwenyewe atakapojitambulisha. Ugumu uko kwa wale unaowaamini. J.K. Rowling, mwandishi wa vitabu vya Harry Potter, alipotoa riwaya ya upelelezi kama Robert Galbraith mwaka 2013, siri ilidumu miezi mitatu hivi. Ilivuja kupitia mwanasheria wa kampuni iliyokuwa ikimhudumia, aliyemwambia rafiki wa mke wake. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, uliza ni akina nani watakaolijua jina lako halisi, na utake sharti la usiri liandikwe humo humo.