Someni Mstari wa Juu wa Hati Ile

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimsikia mzee mmoja tunayemheshimu sana akimtuliza mama aliyetoka Bukavu, ambaye ameitwa mahakama ya uhamiaji: "Usiogope, mama. Hapa Marekani jaji wa shirikisho hafukuzwi, hata na Rais." Mama akashusha pumzi. Mimi nikanyamaza kwa kumstahi mzee, na ukimya huo unaniuma hadi leo.

Mzee alikuwa na majaji wengine akilini. Wapo wale wa Ibara ya 3 ya Katiba, wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, ambao hukaa kazini maisha yao yote wakiwa na mwenendo mwema, ambao mshahara wao haupunguzwi, na ambao Bunge pekee ndilo linaloweza kuwaondoa. Hao ndio wanaoketi katika mahakama za wilaya, katika mahakama 13 za rufani, na katika Mahakama ya Juu yenye majaji tisa.

Mahakama ya uhamiaji haimo humo. Hati aliyoishika mama, iliyokunjwa mara nne hadi ikaanza kuchanika, niliiona: mstari wa juu kabisa unataja Wizara ya Sheria. Jaji atakayemsikiliza, ijapokuwa amevaa joho, ni mwajiriwa wa Mwanasheria Mkuu, ambaye ndiye anayeiongoza wizara hiyo, na ambaye anaweza kulichukua shauri lililokwisha kuamuliwa na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji akaliamua upya mwenyewe. Mwaka 2025 makumi ya majaji hao waliachishwa kazi. Mtu atatoaje haki bila woga, ikiwa anayemtaka mama arudishwe kwao na anayeweza kumnyima yeye mkate wake ni serikali ileile? Nitaambiwa kwamba wakili wa serikali hutoka Wizara ya Usalama wa Ndani, na ni kweli. Lakini wizara zote mbili ziko chini ya Rais mmoja. Bunge lina uwezo wa kuzitoa mahakama hizi wizarani na kuzifanya huru, na halina sababu ya kungoja.

Wakili wa kumtetea, sheria inamruhusu mama kuwa naye, ila si kwa gharama ya serikali. Asipompata, atabaki na mkalimani tu, pengine wa kwenye simu, ambaye huenda hajawahi kusikia kwamba kwa watu wa Bukavu fedha ni franga.

Jaji akimkatalia, na ile Bodi ya Rufaa nayo ikimkatalia, ndipo atakapoweza kuwafikia majaji wa Ibara ya 3, katika mahakama ya rufani ya kanda yake, naye atakuwa na siku 30 tu za kuwasilisha ombi. Siku hizo hazimngoji mtu aliyeambiwa asiogope. Jumapili hii nitamwomba mzee twende pamoja nyumbani kwa mama, tuikunjue hati ile mezani, tumsomee kuanzia juu.