Nilivyoporwa N Yangu Mchana Kweupe

Afande, mimi ni apron wa Kiingereza. Waswahili wananiita aproni. Nimeibiwa herufi ya mbele, N, na mwizi namjua: ni kile kineno "a" kinachonitangulia kila niendako.

Ukoo wangu si wa kuokota. Babu ni mappa wa Kilatini, kitambaa cha mezani. Quintilian, mwalimu wa Roma, aliandika kwamba watu wa Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, walidai neno hilo ni lao, kwa hiyo huenda nina damu ya Afrika. Ufaransa M ikageuka N, akawa nappe (hata mkeka, matta, uligeuka natte hukohuko). Nappe akamzaa naperon, kitambaa kidogo, na karne ya 14 Waingereza wakaniandika napron. N ipo, inaonekana.

Balaa likaanzia mdomoni. Kiingereza huweka "a" mbele ya konsonanti, "an" mbele ya irabu. Hebu tamka upesi "a napron", kisha "an apron". Umesikia tofauti? Basi hata wao hawakusikia. Makarani wakaandika walivyosikia, N ikahamia kwa jirani.

Mashahidi ninao. Nyoka adder alikuwa nædre. Nduguye wa Kijerumani, Natter, N yake anayo mpaka leo. Mwamuzi umpire alikuwa noumpere, kutoka Kifaransa nonper, asiye na mwenza. Ila orange, yaani chungwa, msimlete kizimbani, ingawa wengi humsukuma mbele. Ni kweli Waarabu walimwita naranj na Wahispania bado wanasema naranja, lakini N yake ilidondoka kabla hajafika Uingereza. Kesi yake ni ya mahakama nyingine.

Tena mali ya wizi wa aina hii inajulikana iliko. Kale kamjusi ka majini, newt, kalikuwa ewt. Nickname alikuwa ekename, jina la nyongeza. Waulizwe N zao wamezipata wapi!

Askari wa zamu akafungua kitabu cha matukio. Kitabu kikacheka: "Mimi nilitoka Uarabuni, ki yangu ikiwa sehemu ya mwili wangu. Waswahili wakaifanya kiambishi, nikizidi mmoja wanasema vitabu. Nimlalamikie nani?"

Askari akanisomea maelezo: "Mlalamikaji, an apron..."

Nikamwomba arudie, polepole.