Plagini kwenye tovuti ya shule: fundi akiondoka, nani anabaki nazo?

Shule nyingi zinazofungua tovuti siku hizi huanzia WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti. Programu yenyewe ni ya bure, mafundi wanaoijua hawakosekani mjini, na karibu kila atakachoomba mkuu wa shule tayari kuna mtu amekitengenezea plagini, yaani kiprogramu cha kuongeza kazi mpya kwenye tovuti: fomu ya maombi, kalenda ya muhula, albamu ya picha, malipo ya ada kwa simu. Ubishi huja baadaye, kati ya walimu wa TEHAMA wanaotaka uhuru wa kuongeza watakacho na mafundi wanaosema kila plagini ni mlango mmoja zaidi wa kufunga usiku. Wote wana hoja. Ila wanabishania idadi, na mimi naona la kuuliza kwanza ni nani atazitunza.

Nianze na walimu. Zamani kubadilisha tarehe ya kufungua shule kwenye tovuti kulihitaji kumpigia fundi, kumsubiri, na mara nyingi kumlipa. WordPress ilitoka mwaka 2003, ikapata plagini mwaka 2004 na mandhari za kubadilisha sura ya tovuti mwaka 2005, na tangu hapo anayeweza kuandika barua pepe anaweza kuchapisha tangazo. Kwa shule hilo si jambo dogo. Mzazi wa Tunduru ambaye mwanawe amepangiwa kidato cha tano Moshi anaitaka fomu ya kujiunga leo, aone sare, godoro na michango kabla hajakata tiketi ya basi. Mwalimu anayeipandisha mwenyewe jioni ileile amemwondolea mzazi huyo wasiwasi na gharama. Kumwambia mwalimu huyo aachane na plagini zote ni kumrudisha kwenye foleni ya fundi.

Mafundi nao hawatishi watu bure. Septemba 2020 ilijulikana kasoro kubwa katika WP File Manager, plagini iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Mtu yeyote, bila nenosiri, aliweza kupandisha faili kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na kuliendesha. Toleo lililozibwa lilitoka haraka, lakini liliwafaa wale tu waliosasisha. Kazi ya plagini hiyo ni kusimamia mafaili ya seva, kitu ambacho shule hukihitaji kwa nadra mno: huwekwa kwa shughuli ya siku moja, ikasahaulika humo. Mwezi mmoja kabla ya hapo, toleo la 5.5 la WordPress lilikuwa limeanza kuruhusu plagini zijisasishe zenyewe, na shule isiyo na mtu wa kudumu naishauri iwashe uwezo huo. Ni kweli sasisho linaweza kuvuruga ukurasa. Ukurasa uliovurugika utatengenezwa. Taarifa za wanafunzi zikishaibwa, zimekwenda.

Panaponiuma zaidi ni kwenye vihariri vya kurasa, yaani vyombo kama Elementor, Divi na WPBakery. Fundi anaburuta vipande, ukurasa unapendeza, siku ya makabidhiano kila mtu anafurahi. Tatizo limejificha kwenye namna maandishi yanavyohifadhiwa. WPBakery, na Divi hadi toleo la 4, huyafunga ndani ya misimbo ya mabano ambayo plagini au mandhari yenyewe pekee ndiyo inaielewa. Ukiizima, historia ya shule na sifa za kujiunga zinatokea zimezingirwa na mabano na maneno yasiyosomeka. Leseni ikiisha na shule isiilipie, masasisho yanakoma na msimbo unachakaa. Ikiamua kuhama, kurasa zinasafishwa au kuandikwa upya moja baada ya nyingine. Chombo kilichowekwa ili mwalimu ajitegemee kinaishia kumfunga kwa fundi yuleyule, au kwa mwingine aghali zaidi.

Tangu Desemba 2018, WordPress 5.0 ina kihariri chake cha vipande. Wengi hawakukipenda, na hadi leo mamilioni ya tovuti yanatumia plagini ya Classic Editor kurudisha kile cha zamani. Sibishani nao: mwanzoni kilisumbua, na kwa madoido hakiwafikii washindani wake. Hata hivyo kinaitosha shule, kwa sababu maandishi yake hubaki yanasomeka hata mandhari ikibadilishwa. Mandhari rasmi zinazokuja na WordPress nazo ni nyepesi na za bure. Mzazi anayefungua tovuti kwa bando la siku hahitaji picha tano zinazojizungusha juu ya ukurasa. Na mandhari ya kulipia iliyovunjwa leseni na kugawiwa bure isiguswe kabisa. Nyingi hubeba msimbo wa wizi.

Wapo wanaosema bora kukodi huduma kamili, mtoa huduma atunze kila kitu. Inapunguza kazi, lakini haiondoi hatari. Januari 2022 Finalsite, kampuni ya Marekani inayohudumia tovuti za shule, ilivamiwa na programu ya kudai fidia, ile inayofunga mafaili hadi mwenyewe alipe, na tovuti za shule zipatazo 5,000 zikapotea hewani kwa wakati mmoja.

Kuna plagini zenye deni la kisheria pia. Albamu ya picha huwekwa kwa dakika chache, ila Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Mimi nasimama karibu zaidi na mafundi kwenye usalama, na karibu na walimu kwenye uhuru wa kuandika. WordPress inaruhusu yote mawili: mwenye cheo cha mhariri anachapisha na kurekebisha kurasa apendavyo, ila hawezi kuweka plagini wala kubadili mandhari. Walimu wapewe cheo hicho. Akaunti ya msimamizi iwe kwa barua pepe ya shule, si ya fundi, na nenosiri lake likabidhiwe kwa maandishi kila mwalimu wa TEHAMA anapohamishwa.